Kile Kidogo Alichoomba Syombua

Mchungaji wetu hapa Mbumbuni ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa kanisa mnaotaka kusomea kazi ya maabara, niwatie moyo. Kuandika nimekubali. Hilo la moyo sikumwahidi. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana hadi macho yangu yalipokataa kusoma alama za pipeti, na nikikaa kibarazani kuikumbuka, mara nyingi kinachonijia ni uchungu. Mkitaka mtu wa kuwapigia makofi, wapo wengi. Mimi nitawaambia nilichokiona, kisha mkaamue wenyewe.

Miaka yangu ya mwisho kazini, katika maabara moja ya utafiti jijini Nairobi, nilikuwa nalisha seli za saratani ya matiti. Ndiyo, kuzilisha. Majirani walipomuuliza mama yangu nafanya nini huko, alikuwa akijibu, "Anafuga ugonjwa," na mazungumzo yakaishia hapo. Hakukosea sana. Seli hukaa kwenye chupa bapa za plastiki, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, zikiogelea kwenye chakula cha majimaji chekundu. Usipowabadilishia chakula, wanakufa. Ukiwaacha wajae chupa, wanakufa. Ukiwakoholea, wanaoza. Mtaona nawaita kama watu. Mkikaa nazo muda mrefu mtafanya vivyo hivyo, wala msione haya.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Kilonzo, fundi mkuu wa maabara yetu, mzaliwa wa Kitui na mzee wa kanisa, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa viwiko. Alikuwa mkali. Ukiingia na saa mkononi anakurudisha mlangoni. Basi kuna kipindi chupa alizozishika yeye Jumatatu zilikuwa zikifika Jumatano zimekuwa nzito kama maji ya uji, wiki baada ya wiki. Tulisugua kabati, tukabadilisha chakula, tukamlaumu fundi wa hewa. Siku moja nikaweka tone chini ya hadubini, nikaona vijiduara vinavyochipua vingine ubavuni. Hamira! Tukamtazama mzee. Mwisho akakohoa, akasema kijana wake anaoa, na wakwe wamesema mbuzi bila kaluvu si mahari. Kila wikendi mzee wa kanisa alikuwa nyumbani Kitui akikoroga hiyo kaluvu, pombe ya asali, kwa mkono wake, halafu Jumatatu anatuletea hamira kwenye kucha na kwenye sweta.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyesugua kucha kama Bwana Kilonzo, na alikuwa akiwaambia wanafunzi wapya bila kuficha: "Seli haijali uko na cheo gani kanisa. Nawa." Kama kuna neno moja la kazi mtakalolichukua kwangu, chukueni hilo. Yeye alistaafu kabla yangu, akaenda zake kwenye mizinga yake ya nyuki, na nadhani alichagua wakati mzuri wa kuondoka.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tunatafuta, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata.

Kuna homoni ya kike inayoitwa estrojeni. Mwanamke akiwa kijana, hutengenezwa zaidi kwenye mfuko wa mayai. Hedhi ikikoma kabisa, mfuko huo hulala, lakini mwili hauishiwi. Kwenye mafuta ya mwili, na hata kwenye mafuta ya titi lenyewe, kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi kinachoendelea kuitengeneza kidogo kidogo kutoka kwa homoni nyingine. Kwa wanawake wengi wenye saratani ya matiti, uvimbe unakula homoni hiyo. Ukikizuia kimeng'enya, umeunyima uvimbe chakula. Vidonge vya kukizuia vipo hospitalini, na vimesaidia wengi. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa vinafika mahali vinashindwa, ugonjwa unajitafutia njia nyingine.

Sisi tulikuwa tunajaribu kitu tofauti. Daktari Nekesa, mkuu wa utafiti wetu, mwanamke mchangamfu ambaye kwa umri angekuwa binti yangu, alipata kutoka kwa wakemia retinoidi sanisi. Retinoidi ni jamii ya vitamini A, ila hizi zilitengenezwa na watu, hazitoki kwenye karoti. Vidonge vya hospitali hukikamata kimeng'enya ambacho tayari kipo. Swali letu lilikuwa kama retinoidi zinaweza kuiambia seli isikitengeneze kabisa. Ni tofauti kati ya kufunga jiko la jirani kwa kufuli na kumshawishi asilijenge.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Retinoidi huogopa mwanga. Ukiziacha mezani chini ya taa, zinaharibika nawe huoni mabadiliko yoyote, halafu unakaa mwezi mzima ukishangaa mbona hazifanyi kazi. Tulizifunga kwa karatasi ya alumini kama viazi vya kuchoma, tukafanya kazi gizani na kitaa kidogo cha manjano, tukigongana vichwa. Stima ikipotea, dawa ilikuwa salama kabisa na seli ndizo zilizokuwa taabani. Nimekimbia ngazi nyingi kwenda kumwamsha mlinzi awashe jenereta.

Tena kuna seramu. Chakula cha seli hutiwa seramu ya ndama, na ndama naye ana homoni zake. Ukiitia hivyo hivyo, umeshawapa seli estrojeni mezani kabla hujaanza kupima. Kwa hiyo lazima uichuje kwa mkaa maalumu unaonyonya homoni. Bwana Kilonzo alikuwa akinung'unika kwamba anatoka Kitui, kumejaa makaa kila kona ya barabara, halafu maabara inaagiza mkaa kwa ndege. Na ule wekundu wa chakula ni rangi ya kupimia uchachu, nayo ina tabia ya kuigiza estrojeni kwa mbali. Kwa hiyo katika majaribio haya tulitumia chakula kisicho na rangi. Hivi ndivyo vitu vidogo vinavyokula maisha ya mtu wa maabara.

Mdogo wangu, Syombua, alikuwa na hoteli ndogo kule Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, akiwapikia madereva wa malori muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na nyama. Tumenyonya ziwa moja, lakini maneno yote alichukua yeye. Alipata uvimbe titi la kushoto. Alinificha mimi, dada yake ninayefanya kazi ya saratani, akaniambia baadaye kwamba hakutaka niache kazi kwa sababu yake. Alipokuja hospitali ulikuwa umeshakua. Wakamfanyia upasuaji, wakapima, wakakuta uvimbe wake ni wa aina inayokula estrojeni, naye alikuwa ameshakoma hedhi. Wakampa vile vidonge vya kuzuia kimeng'enya. Akapata nafuu, akarudi kwa madereva wake. Halafu maumivu ya mgongo yakaanza, na picha zikaonyesha ugonjwa umeingia mifupani.

"Wewe unalisha hiyo kitu huko Nairobi," aliniambia, "na mimi ndio inakula." Alicheka peke yake. Mimi sikuweza.

Siku moja alipotoka kliniki alikuja kuniona kazini. Nikamvika koti, nikamkalisha kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni warembo hivi," akasema. "Na hawana macho. Sasa hawa wanajuaje pahali pa kwenda?"

Nikiwa bado natafuta jibu, Daktari Nekesa aliingia akitoka chumba cha mashine, mikono juu kama mtu aliyefunga bao. Kupima kimeng'enya kunakwenda hivi: seli hupewa malighafi iliyotiwa alama ya mionzi hafifu, na kimeng'enya kikifanya kazi, alama inaachiliwa inaingia kwenye maji. Alama nyingi majini, kazi nyingi. Siku hiyo, kwenye chupa zilizopewa retinoidi mpya, karibu hakukuwa na alama.

"Mama Mumo, imeshuka! Imezima karibu yote!" akanipigia kelele. Ndipo akamwona mgeni. Nikamwambia ni mdogo wangu, na kwamba anaugua hii saratani tunayoifuga. Daktari akamshika mikono miwili. "Mama, umekuja na baraka. Hii dawa inaizima kabisa."

Syombua alirudi Kambu na maneno hayo.

Kesho yake tulifanya kile ambacho hufanywa baada ya kipimo. Unazitoa seli, unazitia rangi ya buluu, unahesabu. Seli hai huikataa rangi, mfu huinywa. Nilihesabu mimi, kisha Daktari akahesabu mwenyewe, kisha akarudia kwenye chupa nyingine. Buluu tupu. Dozi ilikuwa kubwa mno. Seli zilikuwa bado zimeng'ang'ania chini ya chupa, zikionekana nzima kwa macho, lakini nyingi zilikuwa maiti. Kimeng'enya kilishuka kwa sababu waliokuwa wakikitengeneza walikuwa wamekufa, na sumu yoyote ingefanya hivyo, hata jiki ya kufulia.

"Tumepima makaburi," akasema Daktari, na machozi yakamtoka palepale, hakuyaficha.

Vijana, hesabuni walio hai kabla hamjafurahi. Najua mtasahau. Furaha ina haraka, na kila mara kuna mtu anapita mlangoni anayetaka kuisikia.

Tulirudia kwa dozi ndogo ambayo seli ziliivumilia. Tukarudia tena. Safari hii seli zilikuwa hai, na kimeng'enya kilishuka kweli, ila kidogo. Kila tuliporudia kilishuka kidogo. Daktari alisema hicho ndicho kitu chetu cha kwanza cha kweli, akaniambia pia kwamba hawezi kulala mpaka aende Kambu kulirudisha neno lake.

Nilimwambia asijisumbue, nitapiga simu. Akakataa. Tukapanda basi la Mombasa, tukashuka Kambu jua likiwa kali, tukamkuta Syombua amekaa kwenye kiti nje ya hoteli, mgongo ameuegemeza kwa mto, binti yake Ndunge akihudumia wateja. Alitaka kuinuka kutusalimia, tukamzuia. Akaagiza chai.

Daktari alimweleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi: dozi, rangi ya buluu, seli zilizokufa. Hakujitetea. "Nilikuambia kitu kabla sijajua, Mama. Nisamehe."

Syombua akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Hakuna neno," akasema. "Lakini mlirudia?"

"Tulirudia."

"Na hiyo ya pili, hawakukufa?"

"Hawakukufa."

"Na ikashuka?"

"Ikashuka, Mama, lakini kidogo sana."

"Basi nipeni hicho kidogo."

Daktari alinitazama. Nikamjibu mimi, kwa sababu ni damu yangu. Nikamwambia, mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu, hiyo dawa haijawahi kuingia mwilini mwa mtu. Haijaingia hata kwa panya. Hatujui kipimo chake, hatujui itafanya nini kwa ini, tumeiyeyusha kwa kemikali ambayo siwezi kukutia mwilini. Chupa si mtu. Tena saratani yako imeshavishinda vidonge vya kuzuia hicho kimeng'enya, kwa hiyo hata kikishuka, huenda yenyewe haikitegemei tena.

"Nyinyi wasomi muko na maneno," akasema. "Mimi kama naanguka kwa shimo, utaniambia kamba haijapimwa?"

Malori yalikuwa yakipita, Ndunge akaja kuondoa vikombe, na Daktari akanywa chai iliyopoa hadi mwisho kwa heshima.

Syombua si mtu wa kukubali hapana. Alikuwa amelishika lile neno la vitamini A. Akina mama wa kanisa wakaanza kumletea mapapai, karoti, maboga, na mmoja akamletea chupa ya vidonge vya mafuta ya ini la samaki. Nilipokwenda kumtembelea, viganja vyake vilikuwa vya manjano kama papai lenyewe. Nikacheka, naye akacheka, akanionyesha na nyayo. Karoti nikamwachia. Vile vidonge nikavichukua, kwa sababu vitamini A ikizidi huumiza ini, na lake lilikuwa tayari limechoshwa na dawa. Akaacha kucheka.

"Hiyo unaninyima, na hii unachukua," akasema. "Sasa wewe umekuja kunipa nini?"

Nililia kwenye basi, na abiria wa kando yangu akanipa leso.

Halafu wafadhili wakaondoka. Sina hasira na mtu mmoja, nina hasira na utaratibu wote. Walisema matokeo yetu ni ya kweli lakini ni madogo mno kwa wao kuendelea kuyalipia, wana mambo mengine ya kufadhili. Kitu kidogo cha kweli kilihitaji miaka ya kukikuza, wanyama kwanza, kisha watu wachache, kisha wengi, na hakuna aliyekuwa tayari kungoja. Daktari Nekesa alibisha hodi kila mahali hadi akachoka, sasa anafundisha chuoni. Seli zetu zilitiwa dawa ya kuua, zikamwagwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu kustaafu na nilijua kila kilichokuwa kwenye friza, nikapewa kazi ya kufunga.

Retinoidi zilizobaki zilitakiwa kuchomwa. Nilizitoa zikiwa bado ndani ya alumini yao, vichupa vidogo visivyozidi kidole. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Mfuko wa koti langu ungevibeba vyote na nafasi ikabaki. Syombua alikuwa bado hai Kambu, hatembei tena.

Nilisimama pale nikifikiri. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu dozi kubwa ilivyowafanya wale wa kwenye chupa, na kwa mwili wa mtu hakuna ajuaye kubwa inaanzia wapi. Ningempelekea, ningekuwa namfanyia dada yangu jaribio jikoni kwake. Nikavitia kwenye sanduku la taka ya kemikali, nikavipeleka kwa mchomaji, nikangoja hadi akafunga mlango wa tanuri. Nikiambiwa leo nirudie, ningefanya vilevile. Msidhani kwamba kufanya lililo sawa kunakupa usingizi. Mimi halijanipa.

Nilikwenda Kambu Jumamosi iliyofuata. Alikuwa kitandani, amekonda, macho yale yale ya utundu.

"Kazi imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha."

"Na ile dawa?"

"Tumeichoma."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaniomba nimgeuze upande wa ukutani, kwa sababu mifupa ya upande ule mwingine ilikuwa ikimuuma. Nikamgeuza, nikamwekea mto katikati ya magoti.

Tulimzika mvua ilipokuwa inaanza. Watu walipomaliza kula na kuanza kutawanyika, Ndunge alinivuta nyuma ya hoteli, kwenye masufuria.

"Mama mkubwa, niambie ukweli. Ile dawa ingemsaidia mama?"

Jibu la kazi yetu nililijua, na ndilo nililompa. Nilimwambia sijui.

Alinitazama kama mtu anayefichwa kitu. "Umefanya hiyo kazi maisha yako yote," akasema, "na hujui?" Akainama, akaendelea kuosha sufuria.

Hajafika kwangu tangu siku hiyo, na simu zangu hujibiwa na mume wake. Simlaumu. Kama ningekuwa na jibu, hata lile baya, ningempelekea Kambu leo hii, nikae naye tulie pamoja. Sina, na siku hizi sijui mtu yeyote, mahali popote, anayelitafuta.